Fahamu: Kwa nini kilomita za angani hazikuambii utafika saa ngapi

Umbali unaotajwa kati ya viwanja viwili vya ndege ni mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia. Kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi ule wa Pemba, mstari huo ni takribani kilomita 125. Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa ingeumaliza kwa dakika 25. Ratiba huweka kama nusu saa, kwani ndege hutembea kwanza ardhini, hupanda taratibu, kisha hupunguza mwendo na kujipanga itue ikiukabili upepo.

Kwa hesabu hiyo, Kilosa na Mikumi, zilizo umbali wa kilomita 63 hivi kwa mstari ulionyooka, zimetenganishwa na dakika 13 tu. Lakini mkazi wa Kilosa aendaye Mikumi hupita barabara ya Ulaya na Zombo, yenye kona zake, na masika humwongezea muda usioonekana kwenye ramani yoyote. Hilo linastahili kuzingatiwa na kila anayepanga huduma za wilaya.

Kiwanja kidogo cha ndege kipo, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ila huhudumia zaidi watalii. Kutoka Unguja ni kama kilomita 265, karibu saa nzima. Ndege ikipitia Dar es Salaam kuchukua abiria, muda huongezeka.