DIAMOND KAJIUZA AU KAKUA? SOMO KWA WAUZA MCHELE WA KYELA

Leo tunaanza na muziki, ila tunaishia kwenye mchele.

Ubishi wa vijiweni haujaisha: Diamond Platnumz wa sasa ni msanii, au anafuata hela tu? Wanaompenda yule wa "Kamwambie" wanasema kijana wa Tandale alikuwa anaimba mapenzi ya kuumia, na unamuamini. 2013 akaja na "Number One", akairudia na Davido wa Nigeria. 2024 ikaja "Komasava" yenye mdundo wa amapiano ya Afrika Kusini, na kwenye remix yake yumo Jason Derulo wa Marekani. Wazee wa "Kamwambie" wakasema basi, huyu kajiuza.

Sio yeye wa kwanza kuambiwa hivyo. Metallica, bendi ya hevi metali ya Marekani, 1991 walitoa albamu yenye nyimbo fupi na za taratibu kuliko walivyozoeleka. Mashabiki wa zamani walinuna. Lakini albamu ile iliuza nakala zaidi ya milioni 16 Marekani pekee.

Mimi nasema hivi: kufuata soko sio kujiuza. Hela ya soko kubwa ndiyo imeikuza Wasafi, na humo wakatoka Harmonize, Rayvanny na Zuchu. Shabiki wa zamani ana haki ya kuumia, maana ladha yake imepungua kweli. Ila hajadanganywa. Ukifungua "Komasava" unasikia "Komasava". Hakuna aliyekuuzia kwa jina la "Kamwambie".

Sasa njoo kwetu Kyela. Jina letu ni harufu ya mchele. Ukibadili mfuko, ukafungasha kilo 5 badala ya kupima kwa debe, ukaweka lipa namba, ukapeleka mzigo Dar, huko ni kukua. Lakini ukichanganya na mchele wa kwingine halafu mfuko ukaandika "Kyela Safi", hapo umejiuza. Mteja atajua sufuria ikichemka na harufu haipo. Na hatakulaumu wewe peke yako, atasema "mchele wa Kyela siku hizi hamna kitu." Anayeumia ni mkulima wa Ipinda ambaye hata hakujui.

Kwa hiyo kabla hujabadili bidhaa:

1. Kila mchele uuze kwa jina lake na bei yake. Saro 5 iite Saro 5, wateja wake wapo.

2. Usiondoe ghafla kile kilichokuletea wateja. Kipya kiweke pembeni yake, waonje, wachague.

3. Jiulize: mteja akiniona nikifungasha, nitaendelea au nitafunga mlango? Kama utafunga mlango, acha.

Haya wadau, Diamond kajiuza au kakua? Na dukani kwako mwaka huu umebadili nini? Dondosha komenti, tujifunze wote.