Kumwamsha Asiyesikia

Katika shule nyingi za mkoa wa Mara, kuanzia Bunda hadi Murangi, kengele huweza kuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Ikigongwa, hutetema, nayo hewa hupeleka mitetemo hiyo masikioni. Kwa mwanafunzi kiziwi kazi yote hiyo ni bure. Mchana atawatazama wenzake na kuwafuata. Je, usiku bweni likishika moto, atamtazama nani?

Hatari yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2009 moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, ukaua wanafunzi 12.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza sauti. Lakini masikio yakidhoofika kwa uzee au kwa kelele, aghalabu hupoteza kwanza sauti nyembamba. Na king'ora cha kawaida cha moshi hulia kwa mitetemo ipatayo 3,000 kwa sekunde. Majaribio yaliyofanywa Australia yalionyesha kuwa sauti nzito, yenye msingi wa mitetemo 520 kwa sekunde, huwaamsha vizuri zaidi wenye usikivu hafifu.

Kiziwi kabisa hawezi kusaidiwa hata na sauti hiyo. Taa ya kumetameta yamfaa akiwa macho, ila kwa aliyelala haitegemeki. Hapo hutumika kitetemeshi, yaani mota ndogo iliyofungwa kipande cha chuma upande mmoja tu wa mhimili wake. Kwa kuwa uzito umeegemea upande, kila mzunguko huivuta mota huku na huku. Ikiwekwa chini ya mto, mlalaji hutikiswa.

Mara nyingi husahauliwa kwamba si lazima sauti itangulie. Mkondo wa umeme uletao mlio wa kengele ya mlangoni waweza vilevile kuwasha taa au kuzungusha mota. Maikrofoni huhitajika pale tu chanzo chenyewe kinapokuwa sauti, kama kilio cha mtoto mchanga. Nayo haichagui sana, hivyo mvua ya usiku kutoka Ziwa Victoria ikipiga bati, mama ataamshwa bure.

Kwa bweni, basi, yatosha swichi moja kwa mlinzi, betri, na waya wa kufika kila kitanda. Betri ni bora kuliko umeme wa nguzo, ambao huweza kukatika moto unapoanza. Mota ziunganishwe sambamba: zikiwa katika mfululizo, waya wa moja ukikatika, zote husimama.