Linux Ndani ya Flashi: Msaada kwa Kompyuta Kongwe

Katika eneo la Chara, upande wa Garsen nchini Kenya, ambako Mto Tana hufurika ukawahamisha watu na mifugo yao, kama ulivyofanya wakati wa El Niño ya 1997, zahanati au shule yenye kompyuta moja kongwe haina budi kutafakari itaendelezaje kazi yake siku ambayo diski ya mashine imekufa au mashine yenyewe imebaki majini.

Njia mojawapo, nayo ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa, ni kuuweka mfumo endeshi wa Linux katika flashi. Kiini cha Linux kiliandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, na tangu hapo hutolewa bila malipo. Wala si mgeni katika utabibu wetu, maana KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya afya vya Kenya, husimikwa juu ya Ubuntu, mojawapo ya jamii za Linux.

Flashi hunasa elektroni ndani ya seli ndogo mno, zikabaki humo hata umeme ukikatika. Kompyuta inapowashwa huamrishwa kwa kitufe, aghalabu F12, F9 au Esc, ianzie kwenye flashi badala ya diski yake. Mfumo ukapanda katika RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na diski iliyoharibika au iliyojaa virusi ikaachwa kando.

Faili ya mfumo ikishapakuliwa, alama yake ya uhakiki ilinganishwe na ile iliyotangazwa na watengenezaji, ndipo iandikwe kwenye flashi kwa programu za Rufus au balenaEtcher, ambazo hufuta kila kilichokuwamo katika flashi. Mashine yenye RAM haba hustahili Lubuntu, toleo jepesi la Ubuntu.

Hatari kubwa imo katika jambo ambalo wengi hulipuuza: flashi isipotengewa sehemu ya kudumu, kila kilichoandikwa mchana kutwa hutoweka mashine ikizimwa, na jina la mtoto aliyechanjwa asubuhi halionekani tena jioni. Hata sehemu hiyo ikiwapo, seli huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara, na kitu kidogo hivyo hupotea mfukoni kwa wepesi. Kwa hiyo siri za wagonjwa, ambazo Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeziwekea hifadhi, zifungwe kwa nywila na usimbaji, na nakala ya pili itunzwe katika nyumba nyingine, juu ya kimo cha maji.