Mtunzi Mmoja, Fani Mbili: Ushairi na Nathari katika Kazi za Euphrase Kezilahabi

1. Utangulizi

Ni kawaida katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili kuutenga ushairi na riwaya katika kozi mbili zinazojitegemea. Mgawanyo huu una manufaa yake, kwani kila fani ina istilahi na historia yake. Hata hivyo, unapomhusu mtunzi aliyezama katika fani zote mbili, mgawanyo huo humkata vipande viwili: mshairi akabakia kwa mhakiki huyu, na mwanariwaya akachukuliwa na yule.

Makala hii inakusudia kuonyesha hasara ya mkato huo kwa kuangalia kazi za Euphrase Kezilahabi (1944–2020). Dai letu ni kwamba ushairi wake ulikuwa karakana ambamo nathari yake ilifinyangwa upya, na kwamba msomaji anayeziruka diwani zake atazielewa visivyo riwaya zake za mwisho, yaani Nagona (1990) na Mzingile (1991).

2. Jadi ya Kutunga Fani Mbili

Kezilahabi hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Shaaban Robert (1909–1962), aliyefanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni, aliandika mashairi, tenzi, insha, wasifu na hadithi. Katika Maisha Yangu aliingiza ndani ya nathari tenzi mbili za wasia, Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Hapo kila fani ina kazi yake: nathari husimulia yaliyopita, na utenzi huusia yajayo. Mpaka kati yake ni bayana, na msomaji hujua wakati anapouvuka. Baada yake, Said Ahmed Mohamed naye alichapisha riwaya ya Utengano na diwani ya Sikate Tamaa katika mwaka mmoja wa 1980.

Tofauti iliyoletwa na Kezilahabi ni kwamba kwake mpaka huo ulififia hatua kwa hatua, hadi ikawa vigumu kusema mshairi ameishia wapi na mwanariwaya ameanzia wapi.

3. Mwaka 1974: Swali Moja, Majibu Mawili

Riwaya ya Kichwamaji na diwani ya Kichomi zilitoka mwaka mmoja, 1974. Jambo hili latuzuia kudhani kwamba mtunzi aliiacha fani moja akahamia nyingine. Alizitumia pamoja, tena mara nyingine kuchimbua swali lile lile.

Tuchukue swali la iwapo maisha yanastahili kuishiwa. Katika shairi la “Kisu Mkononi”, nafsineni ipo ukingoni mwa kukata tamaa, lakini mwishowe inakata shauri la kuyakabili maisha. Katika Kichwamaji, Kazimoto analiuliza swali hilo kwa muda mrefu zaidi, na mwisho anajiua. Mtunzi ni yule yule. Iweje majibu yapingane?

Jibu, kwa maoni yetu, limo katika fani. Shairi fupi hunasa nukta moja ya wakati. Linaweza kukomea pale uamuzi unapofanyika, bila kudaiwa maelezo ya siku ya pili yake. Riwaya haina uhuru huo. Hulazimika kumrudisha mhusika kwa wazazi wake, kijijini kwake na katika ndoa yake, na kuupima uamuzi wake kwa matukio yanayofuata. Kazimoto anamwoa Sabina, na mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Hoja iliyokuwa ya kifalsafa inageuka kuwa msiba wa nyumbani. Basi anayesoma Kichwamaji peke yake atamwona Kezilahabi kuwa mtunzi wa kukata tamaa tu; anayesoma Kichomi pamoja nayo ataona kwamba mtunzi alikuwa akilipima swali kwa mizani mbili.

4. Kutoka Gamba la Nyoka hadi Nagona

Mgogoro wa ushairi uliozuka miaka ya sabini kwa kawaida huelezwa kama ubishi juu ya vina na mizani. Waliotetea arudhi walidai kwamba utungo usio na vina si shairi. Wanamabadiliko, Kezilahabi akiwa miongoni mwao, walitetea lugha iliyo karibu na mazungumzo ya watu wa kawaida. Lililozungumzwa kwa uchache ni nini kilichochukua nafasi ya kile kilichoondolewa. Mshororo usioshikwa na kina hauna budi kushikwa na kitu kingine: taswira, kituo, takriri, na ukimya baina ya kauli mbili. Mshairi huru hujifunza kuacha mengi bila kuyasema.

Stadi hiyo ndiyo iliyohamia katika nathari. Rosa Mistika (1971), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zina msuko unaofuatika, mahali panapotambulika na wahusika wenye nasaba. Kisha ikapita takriban miaka kumi bila riwaya mpya. Kilichotoka katikati ni diwani ya pili, Karibu Ndani (1988). Ndipo zikaja Nagona na Mzingile, kila moja ikiwa na kurasa zisizofika mia, zenye msimulizi wa nafsi ya kwanza anayesafiri katika mandhari ya kindoto, ambamo taswira moja huzaa nyingine bila kungoja sababu na matokeo.

Huenda ikapingwa kwamba mabadiliko hayo yalitokana na masomo yake ya falsafa, kwani alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, au na kufifia kwa matumaini ya Ujamaa. Hatuzikatai sababu hizi. Lakini zinaeleza alichotaka kukisema. Hazielezi alikozipata zana za kukisemea. Zana hizo, yaani mkato wa sentensi, mruko wa wakati na taswira inayobeba hoja, alikuwa amekwisha kuzinoa katika ushairi.

5. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kwa Kezilahabi ushairi na nathari ni mikono miwili ya fundi mmoja. Suala hili si la nadharia tupu. Mwanafunzi anayeikabili Nagona kwa vipengele vya msuko, wahusika na mandhari pekee huishia kuorodhesha kasoro: msuko umekatika, wahusika hawana wasifu, mandhari hayatajwi. Akiisoma kama anavyosoma shairi huru, zile zilizoonekana kuwa kasoro hubainika kuwa ndio ufundi wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kozi za riwaya zinazomhusu mtunzi huyu ziambatane na diwani zake, ikiwemo Dhifa (2008), na kwamba wanaoandaa tasnifu wawachunguze kwa jicho hilo watunzi wengine wa fani mbili. Mti hautambulikani kwa tawi moja.