Nyoka wa Usiku wa Simi-Simi na Mito Iliyomtenga na Ndugu Zake

Wengi wanaijua Simi-Simi, magharibi ya Kisangani, kwa uwanja wake wa zamani wa ndege, pale waliposhuka askari wa miamvuli wa Ubelgiji alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964. Habari ya leo haina bunduki. Inamhusu mkazi wa juu ya miti ambaye hutoka watu wakishalala, na ambaye kwa miaka mingi vitabu vilimwita kwa jina la jamaa yake wa mbali.

Ni nyoka mkubwa, mwenye uwezo wa kuzidi mita mbili na nusu. Dume mara nyingi ni jeusi linalong'aa, tumbo la manjano. Jike na vifaranga ni wa kahawia wenye mabaka. Mwili wake umebanwa ubavuni, na magamba ya katikati ya mgongo ni mapana kuliko yanayoyazunguka. Kichwa ni kipana, shingo nyembamba, kiasi kwamba ukimwona kwa mwanga wa tochi unaweza kudhani kichwa kile kimeazimwa. Macho ni makubwa, mboni zimesimama wima kama za paka. Hapo ndipo anapotofautiana na swila wa msituni na nyoka wengine weusi wa mitini, ambao mboni zao ni za duara. Lakini nakusihi, usimkaribie ili kuhakikisha.

Chakula chake ni ndege na mayai yao, popo, mijusi na panya. Ndiyo maana haogopi mji. Mti uliojaa viota vya mnana kwake ni ghala, na dari lenye popo humvuta hadi ndani ya nyumba. Akibanwa hutandaza kichwa, hufumbua kinywa na kurusha shambulio bila kusita.

Edward Hallowell alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1844, kwa kielelezo kutoka Liberia, akampa jina la daktari William Blanding. Basi kila nyoka wa sura hiyo, kutoka Afrika Magharibi mpaka Uganda, akawa wa Blanding. Herbert Lang na James Chapin walipokusanya wanyama wa Kongo kati ya 1909 na 1915, nyoka wao walichambuliwa na Karl P. Schmidt katika kitabu cha mwaka 1923, na jina halikubadilika.

Lilibadilika mwaka 2021. Eli Greenbaum na wenzake, wakiwemo Gabriel Badjedjea wa Kisangani na Chifundera Kusamba wa Lwiro, walionyesha kwamba nyoka wa mashariki ya makutano ya mito Kongo na Ubangi ni spishi nyingine. Wakamwita Toxicodryas vexator, yaani msumbufu. Kwa macho hutambui tofauti upesi. Vinasaba ndivyo vilivyosema.

Kilichowatenga ni maji. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana: wengine walidai kwamba enzi za barafu msitu ulisinyaa ukabaki vipande, kama visiwa, na kila kundi likabadilika katika kipande chake. Utafiti mwingine wa 2021, ulioongozwa na Kaitlin Allen, uliikataa hoja hiyo kwa nyoka hawa. Mipaka ya makundi yao inafuata mito, na walianza kuachana tangu Miosini ya kati hadi Pliosini, mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kwanza kushika kasia.

Visiwa vya kweli vina hadithi tofauti. Siihesabu Mbiye, kisiwa chetu kilicho juu ya maporomoko ya Wagenia, kwa kuwa mtumbwi unakufikisha. Tazama Ghuba ya Guinea. Bioko iliwahi kuungana na bara bahari iliposhuka. São Tomé, Príncipe na Annobón ni visiwa vya volkano ambavyo havijawahi kugusana na bara, na nyoka wetu hayupo huko. Waliofika ni wengine: Philothamnus thomensis yuko São Tomé, Philothamnus girardi yuko Annobón, na Hapsidophrys principis, wa kijani, yuko Príncipe tu. Huyo wa mwisho ni jamaa wa nyoka wa kijani wa misitu ya Kongo. Dhana yenye nguvu ni kwamba wanyama wa namna hiyo walisafiri juu ya vichaka na magogo yaliyosukumwa baharini na mito mikubwa. Anayekaa Simi-Simi na kuyatazama magugu yakielea kuteremka kuelekea Yangambi haoni ajabu.

Sumu ya msumbufu huyu hutoka kwenye meno ya nyuma ya taya, nayo huua ndege haraka. Dawa maalumu ya kuizima haijatengenezwa. Kwa hiyo ukimwona juu ya mwembe, ita watoto ndani na umwache apite. Mtu akiumwa, msimchanje wala msipoteze saa na jiwe jeusi; mpelekeni hospitali, mguu au mkono ulioumwa ukiwa umetulizwa.