Madoa meupe ya samaki: Kutoweka kwake si kupona

Ugonjwa wa madoa meupe ni miongoni mwa maradhi yanayoua samaki wengi zaidi katika matangi ya maji ya bahari yenye matumbawe. Una pacha wake katika maji matamu, na pacha huyo anaweza kuwafikia hata wafugaji wa samaki walio mbali kabisa na bahari, kama wale wa Muganza, kusini-magharibi mwa Rwanda. Vimelea vinavyosababisha maradhi hayo ni viwili tofauti, lakini vyote huishinda dawa kwa njia moja: kujificha.

Muganza, katika wilaya ya Rusizi, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Eneo hilo linajulikana zaidi kwa kiwanda cha saruji cha CIMERWA na kwa mpunga wa bonde la Bugarama kuliko kwa samaki. Hata hivyo, mto Rusizi unaopita ukingoni mwa bonde hilo humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, na samaki wa rangi wa ziwa hilo husafirishwa hadi Ulaya, Amerika na Asia ili kupamba matangi ya vioo. Katika biashara hiyo hiyo wamo samaki wa matumbawe wanaokamatwa na wapiga mbizi katika pwani ya Kenya.

Samaki hao, wawe wa ziwani au wa baharini, hufungwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, husafirishwa kwa ndege, na hufika wakiwa wamedhoofika. Hali hiyo huwapa vimelea nafasi.

Vimelea viwili, dalili moja

Katika maji ya bahari, kimelea husika huitwa Cryptocaryon irritans, jina kilichopewa mwaka 1951. Katika maji matamu, kinachosababisha ugonjwa ni Ichthyophthirius multifiliis, kinachojulikana na wanasayansi tangu karne ya 19. Vyote ni viumbe vya seli moja vyenye vinyweleo vya kuogelea, na kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa ndugu wa karibu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba sivyo. Ni viumbe vya koo mbili tofauti ambavyo, kila kimoja kwa njia yake, vilifikia maisha yanayofanana.

Dalili zake pia hufanana. Samaki hujikuna kwenye mawe, hupumua haraka, hupoteza hamu ya kula, na mwili wake hutokeza madoa madogo meupe mithili ya chembe za chumvi. Wakati mwingine vimelea hujaa kwenye matamvua, yaani viungo vya kupumulia, na samaki hufa kabla ya doa lolote kuonekana kwenye ngozi. Kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, anayepatikana katika miamba ya Afrika Mashariki na kupendwa sana na wenye matangi, ni miongoni mwa samaki wanaoshambuliwa kwa urahisi zaidi.

Maisha ya hatua nne

Ili kuelewa kwa nini tiba hushindwa mara nyingi, ni lazima kufuata maisha ya kimelea cha baharini hatua kwa hatua. Kwanza, hukaa chini ya ngozi ya samaki kwa muda wa siku tatu hadi saba, kikila seli na majimaji ya mwili. Pili, hujitoa, kwa kawaida wakati wa giza, na kutambaa chini ya tangi kwa saa kadhaa. Tatu, hujifunga ndani ya kifuko kigumu juu ya mawe au mchanga na kuanza kujigawa. Nne, kifuko hupasuka na kutoa watoto wapatao 200, ambao huogelea wakitafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku moja au mbili, hufa.

Hatua ya kifuko ndiyo isiyotabirika. Vifuko vingi hupasuka kati ya siku ya tatu na ya 28, lakini vingine vimeonekana kudumu kwa zaidi ya miezi miwili.

Hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Siku chache baada ya kutia dawa, mwenye tangi huona madoa yametoweka na kuamini kwamba samaki wamepona. Kumbe vimelea vimeshuka tu chini kuzaliana, kama ambavyo vingefanya hata bila dawa. Wiki moja au mbili baadaye madoa hurudi, na safari hii huwa mengi maradufu.

Dawa hufikia wapi?

Kimelea kilicho chini ya ngozi hukingwa na ngozi ya samaki mwenyewe, na kilicho ndani ya kifuko hukingwa na ukuta wa kifuko hicho. Dawa nyingi huua wale tu wanaoogelea huru majini. Kwa sababu hiyo, tiba haipimwi kwa nguvu ya dawa peke yake, bali kwa muda. Ni lazima dawa iwepo majini kila siku, hadi kifuko cha mwisho kitakapopasuka.

Shaba ndiyo dawa ya zamani na inayotegemewa zaidi. Kiwango kinachotajwa na wataalamu ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba huru kwa kila lita, kwa wiki tatu au zaidi, huku maji yakipimwa kila siku. Kikipungua, kimelea hakifi. Kikizidi, samaki hudhurika. Zaidi ya hayo, shaba huua matumbawe, kamba na konokono, na mchanga na mawe ya chokaa huinyonya. Kwa hiyo haifai kamwe kutiwa katika tangi lenye matumbawe.

Njia ya pili ni kupunguza chumvi. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Yakishushwa hadi gramu 15 au chini kidogo, kwa muda wa wiki tatu hadi nne, maji huingia ndani ya kimelea na kukiharibu. Samaki wengi wenye mifupa hustahimili, kwa kuwa damu yao ina takriban theluthi moja tu ya chumvi ya bahari. Matumbawe hayastahimili, na kuna aina za kimelea hiki zilizokwisha kuzoea chumvi kidogo.

Njia ya tatu haihitaji dawa. Samaki huhamishiwa katika chombo kisafi na kikavu kilichojazwa maji mapya kila baada ya siku tatu, mara nne mfululizo. Kila mara vimelea vilivyodondoka huachwa nyuma kabla vifuko vyake havijapasuka.

Katika njia zote tatu, samaki wote huondolewa, hata wanaoonekana wazima, na tangi la matumbawe huachwa bila samaki. Kimelea hiki hakishambulii matumbawe, hivyo kikikosa samaki hufa. Wengi hupendekeza wiki sita kwa uchache, na waangalifu zaidi husubiri hadi siku 76.

Funzo kwa mwenye bwawa

Kwa mfugaji wa tilapia katika bonde la Bugarama, kanuni ni ile ile, ila chumvi hugeuka upande. Kimelea cha maji matamu hudhoofishwa kwa kuongeza chumvi, gramu tatu hadi tano kwa lita, si kwa kuipunguza. Maji yakiwa na nyuzi 24 hadi 26, mzunguko wake hukamilika ndani ya siku tatu hadi sita, na kifuko kimoja huweza kutoa hadi watoto 1,000. Bonde hilo ni miongoni mwa sehemu za chini na zenye joto zaidi nchini Rwanda, hivyo siku chache za kusubiri zinaweza kugharimu bwawa zima.

Hata hivyo, chumvi ina mpaka wake. Bwawa la mita za mraba 200 lenye kina cha mita moja lingehitaji kilo 600 za chumvi kufikia kiwango cha chini kabisa, na maji hayo yakifunguliwa kuelekea mashambani yatadhuru mpunga, zao lisilovumilia chumvi. Hivyo, chumvi hufaa katika matangi madogo ya vifaranga. Kwa bwawa, njia iliyo salama zaidi ni kupunguza msongamano wa samaki, kuongeza maji safi, na baada ya mavuno kulikausha bwawa hadi chini, kwani vifuko havistahimili ukavu.

Tahadhari nyingine inahusu rangi ya kijani ya malakaiti, dawa inayotumiwa kwa samaki wa mapambo. Umoja wa Ulaya na Marekani haviruhusu itumiwe kwa samaki wa kuliwa, kwa kuwa mabaki yake hubaki katika nyama na yanashukiwa kusababisha saratani.

Kinga ya vimelea vyote viwili ni karantini. Samaki mgeni, awe kifaranga wa tilapia au kangaja kutoka pwani, hutengwa katika chombo chake, kwa nyavu na ndoo zake pekee, kwa muda wa wiki nne kabla ya kuchanganywa na wengine. Katika muda huo, kimelea alichokuja nacho hupata nafasi ya kujionyesha kabla hakijafika kwenye bwawa au tangi ambalo kukiondoa kutahitaji miezi.