Fahamu: Sheria zinazobana shule za kibinafsi Kenya

Mwalimu wa shule ya kibinafsi akilipwa Sh30,000 kwa mwezi, payslip yake siku hizi ina mistari mingi. Tangu Machi 2024, yeye na mwajiri kila mmoja hutoa asilimia 1.5 kwa ada ya nyumba, yaani Sh450. NSSF, akiba ya uzeeni, ni asilimia 6 kila upande: Sh1,800. SHIF, bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 inayomkata mwalimu peke yake: Sh825. Jumla anakatwa Sh3,075 kabla ya kodi ya mapato, na shule inaongeza Sh2,250 juu ya mshahara. Zidisha kwa walimu 20, uone mbona karo inapanda.

Kwa wanafunzi, linalosahaulika ni suala la picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya picha za mtoto kuchapishwa. Septemba 2023, shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Zile picha za watoto wa PP2 (chekechea) wakiwa na kofia za mahafali kwenye Facebook ni matangazo ya biashara, hata mwenye shule aziite kumbukumbu. Idhini lazima iwe mahususi; sentensi moja ya jumla kwenye fomu ya kujiunga haitoshi.